Mshairi Anasema na Nani? Imani ya Kikristo katika Ushairi wa Kiingereza

Aprili 2011, katika harusi ya Mwanamfalme William na Catherine Middleton kanisani Westminster Abbey, waalikwa walisimama wakaimba shairi la William Blake ambalo Waingereza wamelizoea kwa jina la Jerusalem. Waimbaji wengi, na watazamaji wa televisheni duniani kote, waliuchukulia kuwa wimbo wa dini. Lakini beti mbili za mwanzo za shairi hilo ni maswali matupu: je, Yesu aliwahi kuikanyaga ardhi ya Uingereza? Jibu halitolewi. Hakuna anayeombwa msamaha, wala anayeshukuriwa. Blake mwenyewe hakuwa mtu wa kuonekana kanisani. Aliliona kanisa la dola kuwa mshirika wa wakandamizaji, na Januari 1804 alisimama kizimbani kwa shtaka la uchochezi dhidi ya mfalme, akaachiwa huru. Mahadhi yanayoimbwa leo yalitungwa na Hubert Parry mwaka 1916, taifa likiwa vitani, kwa ombi la mshairi Robert Bridges aliyetaka wimbo wa kuwatia watu moyo. Ndiyo maana wapo makasisi wa Kianglikana wasiotaka uimbwe katika ibada zao, kwa hoja kwamba si sala. Na wapo maharusi wanaonuna wakinyimwa.

Ugomvi juu ya wimbo huo ni tawi tu. Shina lake ni kwamba hatujakubaliana ni kitu gani kinachofanya shairi liwe la Kikristo. Ni imani ya aliyelitunga? Ni mafundisho yaliyomo? Au ni mahali linaposomwa? Mwanafunzi wa fasihi anayekabidhiwa John Donne au John Milton hukumbana na mkanganyiko huu siku ya kwanza. Mmoja ataisoma kazi hiyo kama katekisimu, mwingine atamruka Mungu kama arukavyo tanbihi, wa tatu atasema hayo yalikuwa mambo ya kale, siku hizi Waingereza wenyewe wameyaacha. Kila mmoja wa hao watatu ana hoja yenye uzito, na kila mmoja kuna mahali inapomkwamia.

Kwa msomaji wa Kiswahili swali lenyewe si geni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hahutubii umati. Anauhoji moyo wake. Kasida ya Maulidi humsifu Mtume mbele ya watu waliokusanyika. Zote mbili ni za imani, lakini hazisemi na mtu mmoja. Walimu wa ushairi wanalo neno la jambo hili, nafsinenewa, yaani anayeambiwa maneno, na ni neno litakalotufaa kuliko mjadala mrefu juu ya nani alikuwa muumini wa kweli.

Mchunga ng'ombe na msalaba unaosema

Mtawa Bede, aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia habari za Caedmon, mtumishi wa mifugo katika monasteri ya Whitby iliyoongozwa na abesi Hild. Watu walipoketi karamuni na kinubi kikapitishwa ili kila mmoja aimbe kwa zamu, Caedmon aliinuka na kwenda zake zizini, kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku mmoja akiwa usingizini akaamriwa aimbe habari za uumbaji. Wimbo uliobaki una mistari 9 tu, na ndiye mshairi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina.

Ukiiacha ndoto kando, kuna sababu ya kihistoria hapa. Wamisionari kutoka Roma walifika Kent mwaka 597 wakawakuta watu wenye ushairi wao uliokomaa, wa kuwasifu wafalme na kuomboleza mashujaa, uliofungwa kwa mwangwi wa konsonanti mwanzoni mwa maneno badala ya vina. Vizazi viwili au vitatu baadaye, sifa zilizokuwa za mfalme wa vita zikavishwa Muumba. Biblia inaonya juu ya divai mpya katika viriba vikuukuu. Hapa viriba havikupasuka, ila divai ilibadilika ladha. Katika shairi la kale la ndoto ya msalaba, ambalo sehemu yake imechongwa kwa herufi za runi kwenye msalaba wa mawe wa Ruthwell, Scotland, na ambalo nakala yake kamili imehifadhiwa Vercelli, Italia, Kristo ni kijana shujaa anayevua mavazi yake na kuupanda mti kwa hiari kama aendaye vitani. Msalaba wenyewe ndio unaosimulia, na ndio unaobeba aibu: unatamani kuanguka uwaponde maadui, lakini Bwana wake hajaamuru. Mtunzi amepata njia ya kumweleza Mwokozi aliyeshindwa mbele ya watu waliodharau kushindwa. Alicholipa ni kwamba Mwanakondoo mpole karibu hatumwoni. Mathias Mnyampala, na baada yake Julius Nyerere, walipoimwaga Injili katika bahari ya utenzi, chombo kilichokwisha kuzoea masimulizi ya Mtume na vita vyake, walikuwa katika kazi iyo hiyo ya Caedmon.

Karne zilizofuata zina utajiri wake. Shairi la William Langland kuhusu Piers, mkulima anayewaongoza watu kuitafuta Kweli, liliwakera matajiri wa Kanisa kiasi kwamba jina la Piers lilitumiwa na waasi wa mwaka 1381. Lakini mambo yalichacha baadaye.

Karne ya kunyongwa na kuapishwa

Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Kuanzia hapo, kumwandikia Mungu kwa namna fulani kuliweza kukufikisha kwenye kitanzi. Robert Southwell, padre Mjesuiti aliyerudi nchini kwa siri, aliteswa na kunyongwa mwaka 1595. Mwaka uo huo mashairi yake yalichapwa London na kununuliwa sana, hata na Waprotestanti ambao wasingemfungulia mlango angebisha hodi. Tukio hilo pekee linapaswa kumtia mashaka anayedhani kwamba msomaji wa shairi la dini hutafuta kwanza cheti cha dhehebu.

John Donne alizaliwa mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki. Ndugu yake Henry alifia gerezani mwaka 1593 baada ya kumficha padre. Donne akahamia Kanisa la Uingereza, akapewa upadrisho mwaka 1615, na kuanzia 1621 akawa Dekani wa kanisa kuu la St Paul's hadi kufa kwake 1631. Soneti zake takatifu zina mtu anayemwamuru Mungu ambomoe, amfunge, amshike kwa nguvu. Wapo wanaoziona kuwa Ukatoliki uliobaki moyoni, kwa jinsi zinavyofuata taratibu za tafakari za Wajesuiti. Wapo wanaoziona kuwa Ukalvini, kwa jinsi zinavyoililia neema ambayo mtu hawezi kuichuma. Zote mbili zimo. Aliyeapishwa kwa nguvu ya dola haachi nyumba ya baba yake kwa siku moja.

Na mwaka 1611, mwaka uleule Biblia ya Mfalme James ilipotoka, Aemilia Lanyer alichapa shairi refu la mateso ya Yesu. Ndani yake mke wa Pilato anasimama kumtetea Hawa: ikiwa kosa la mwanamke lilitokana na kutojua, wanaume waliomsulubisha Kristo walijua walitendalo, basi wana haki gani ya kuwatawala wanawake? Hoja hiyo haimo katika mahubiri ya zama zile. Ilipata pa kupumua katika ushairi.

Msimamo wa kwanza: shairi ni mafundisho yenye mizani

Wanaoshika msimamo huu wanasema: ushairi wa Kikristo ni hati ya imani, usome ujue Kanisa lilifundisha nini. Nguvu yao ni kwamba wanayachukulia maneno kwa uzito. Huwezi kumsoma Donne akizungumza na kifo bila kujua fundisho la ufufuo, na hapo msomaji aliyelelewa na Biblia ya Kiswahili pengine atayadaka madokezo haraka kuliko kijana wa London wa leo. Udhaifu unajitokeza anapofika Milton.

Milton alimtumikia Cromwell, kiongozi wa mapinduzi yaliyouondoa ufalme, akapofuka macho mnamo 1652, akashuhudia mapinduzi hayo yakianguka na ufalme ukirudi. Mwaka 1667 akatoa Paradise Lost, utenzi wa mistari zaidi ya 10,000 juu ya anguko la Adamu na Hawa, akiuuza kwa pauni 5 za mwanzo. Alikataa vina kabisa na kuviita utumwa, jambo ambalo lingempatia maadui wengi Tanga na Lamu katika miaka ya 1970. Kwa zaidi ya karne nzima wacha Mungu waliuweka utenzi huo rafu moja na Biblia. Kisha, mwaka 1823, ukaibuliwa katika ofisi ya nyaraka za serikali mswada wa Kilatini wa mafundisho ya Kikristo unaohesabiwa na wengi kuwa wa Milton, na ndani yake Mwana hayuko sawa na Baba. Mshairi mkuu wa Kiprotestanti hakuukubali Utatu kama Kanisa lilivyoufundisha. Vizazi vya waumini vilikuwa vimelishwa na mtu ambaye wangemtenga, wala hawakuonja tofauti.

Na kuna suala la Shetani. Blake alidai kwamba Milton alikuwa upande wa Ibilisi bila mwenyewe kujua, kwa kuwa Shetani wa utenzi huo ana moto na Mungu wake ana ubaridi. Mwaka 1942 C. S. Lewis alijibu kwamba utenzi unafuata mafundisho ya Augustino, na kwamba Shetani anadhoofika na kujidanganya kadiri kisa kinavyosonga. William Empson, asiyeamini Mungu, akasema mwaka 1961 kwamba utenzi ni mkubwa kwa sababu hiyohiyo: unamfichua Mungu wa Wakristo kuwa katili. Stanley Fish mwaka 1967 akaleta suluhu yenye werevu: msomaji anavutwa kwa makusudi na hotuba za Shetani, kisha anasutwa, ili auone udhaifu wa Adamu ndani yake mwenyewe.

Fish ana akili, lakini suluhu yake inafanya kila kasoro iwe mtego wa makusudi, na hoja isiyoweza kushindwa huwa ina walakini. Mimi naona tatizo liko kwa nafsinenewa. Milton alitangaza mapema kwamba anataka kumtetea Mungu mbele ya watu. Basi Mungu amekuwa mshtakiwa mwenye wakili, na katika kitabu cha 3 anapofungua kinywa anasema kama shahidi anayejikinga: niliwaumba huru, lawama si yangu. Hata hivyo kitabu hichohicho cha 3 kinaanza na kipofu anayeigeukia Nuru na kusema nayo moja kwa moja, akiomba imulike ndani kwa kuwa nje hakuna anachokiona. Hapo hakuna kesi wala utetezi. Kuzungumza juu ya Mungu kulimpa Milton upana ambao hakuna mshairi wa Kiingereza aliyeufikia. Kulimgharimu ukaribu.

Msimamo wa pili: imani na ushairi havikai chungu kimoja

Samuel Johnson alikuwa muumini thabiti, na ndiyo maana hoja yake inauma. Katika maisha ya mshairi Waller, sehemu ya kitabu chake kuhusu washairi kilichotoka kati ya 1779 na 1781, alidai kwamba ibada ya kweli haiwezi kuwa ushairi mzuri. Ushairi hupamba, na Mwenyezi hapambiki; hushangaza kwa mambo mapya, na mambo ya wokovu ni machache na yanajulikana; mtu anayetubu hana nafasi ya kutafuta tamathali. Miaka zaidi ya 100 baadaye I. A. Richards, kutoka upande wa pili wa uwanja, alifika karibu na hapo: mwaka 1926 aliandika kwamba kauli za mshairi hazidai ukweli, kazi yake ni kupanga hisia zetu, basi suala la kuamini lisiingizwe.

Faida za msimamo huu ni mbili. Unamfungulia mlango msomaji wa imani nyingine au asiye na imani, na unatukumbusha kwamba nia njema haijawahi kuokoa ubeti mbovu. Kabati za makanisa zimejaa ushahidi.

Lakini mchukue George Herbert. Alizaliwa mwaka 1593 katika ukoo wa kikabaila, akawa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na njia ya kwenda ikulu ilikuwa wazi mbele yake. Akaishia kuwa kasisi wa parokia ndogo ya Bemerton, karibu na Salisbury, kuanzia 1630 hadi kifua kilipomuua mwaka 1633, hajafika miaka 40. Lipo shairi lake moja, The Collar, ambalo mtu anapiga meza na kusema yamemtosha. Anataka kuondoka. Anahesabu alivyopoteza: divai iliyokauka kwa kwikwi zake, nafaka iliyozama katika machozi yake. Sasa litazame umbo lake. Mistari 36, mingine mirefu, mingine ya maneno mawili matatu. Vina vipo, lakini vimetupwa ovyo. Mwenzi wa kina unaweza kumngoja mistari kadhaa, akaja mahali usipomtazamia. Mwalimu wa ushairi wa kimapokeo angeliandikia pembeni kwa wino mwekundu: guni. Kisha, katika mistari 4 ya mwisho, fujo inapofika kileleni, mtu huyo anasikia sauti ikimwita kama mtoto anavyoitwa na mzazi, naye anaitika. Kwa Kiswahili tungesema ameitika naam, basi. Na katika mistari hiyo 4 vina vinakaa sawa kwa mara ya kwanza, kimoja kwa kingine, kama viti vilivyorudishwa mezani.

Johnson angesema nini? Alidhani mshairi wa dini hupamba. Herbert hapambi chochote. Utii wenyewe umetendeka katika vina. Ukiondoa imani hutabaki na sanaa tupu kama Richards alivyotaka, kwa sababu hutajua kwa nini vina vilirudi. Ukiondoa sanaa hutabaki na fundisho, kwa sababu fundisho la utii linapatikana katika katekisimu yoyote na halimtikisi mtu. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa kwenye urari wa vina hata kama siku hizi anapenda mashairi huru, analisikia shairi hili kwa mwili kabla ya kulielewa.

Januari 1773

Johnson alipoandika hayo, ushairi wa dini ulikuwa umeshahamia mahali asipopatazama sana: midomoni mwa makusanyiko. Isaac Watts alichapa nyimbo zake za kiroho mwaka 1707. Charles Wesley, aliyezaliwa mwaka uo huo, alitunga zaidi ya 6,000. Hapa nafsineni, yaani anayesema, amebadilika: mimi wa Herbert amekuwa mimi wa kila mtu, na kwa hiyo lugha ikabidi iwe nyepesi, tamathali zichache, hitimisho lisilo na shaka. Kaka wa Charles, John Wesley, alichukua mashairi kadhaa ya Herbert akayakata na kuyashona upya yaimbike. Alipunguza hasa ule ugomvi.

Tazama mji mdogo wa Olney, Januari 1773. Kasisi wake, John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, aliandaa kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wimbo wa neema unaoimbwa leo duniani kote. Safari yake ya mwisho katika biashara hiyo ilikuwa mwaka 1754. Andiko lake la kuipinga hadharani lilitoka 1788. Jirani na rafiki yake, William Cowper, aliyekuwa akitunga naye nyimbo, Januari ileile alivunjika akili, akasadiki kwamba Mungu amemhukumu milele, na baada ya hapo hakurudi tena kwenye ibada. Nyimbo za hao wawili zikachapwa pamoja mwaka 1779. Wimbo wa Cowper wa chemchemi ya damu umo katika Tenzi za Rohoni, na Jumapili yoyote Dodoma au Kisumu unaimbwa kwa uhakika wa wokovu. Aliyeutunga aliishi hadi 1800 akiamini kwamba chemchemi hiyo ni ya watu wote isipokuwa yeye.

Mwaka uo huo 1773, kitabu cha Phillis Wheatley kilichapwa London. Alikuwa msichana aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston, na ilibidi waungwana 18 wa mji huo waweke sahihi kuthibitisha kwamba mtumwa ameweza kutunga mwenyewe. Shairi lake kuhusu kuletwa kutoka Afrika linaita safari ile rehema, kisha linawageukia Wakristo weupe na kuwakumbusha kwamba weusi nao wamo katika safari ya kusafishwa. Wengine wamemlaumu kwa shukrani hiyo. Nadhani wanasoma nusu ya kwanza ya shairi. Katika nusu ya pili nafsinenewa anabadilika, na anayeambiwa ni mwenye mtumwa.

Wimbo wa kusanyiko, basi, unatoa kitu ambacho Herbert hawezi kutoa: unawabeba watu elfu kwa pumzi moja, unavuka bahari, unatafsirika. Bei yake ni kwamba unafunika aliyeutunga. Na jambo hili linatuhusu huku kwetu, kwa kuwa ushairi wa Kikristo wa Kiingereza ulitufikia zaidi kwa mlango huo. Wamisionari walileta nyimbo. Hawakuwa na sababu ya kumtafsiri mtu anayepiga meza. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia imani ya Kiingereza tunasikia uhakika na ushindi, na tukikutana na shaka tunadhani ni jambo jipya la Wazungu waliochoka.

Msimamo wa tatu: maji yanayokupwa

Hilo linatupeleka kwa wale wanaosema kwamba habari hii ni ya kufifia. Matthew Arnold, katika shairi lililochapwa mwaka 1867, aliifananisha imani na bahari inayokupwa, na mwaka 1880 akatabiri kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa dini itachukuliwa nafasi yake na ushairi. Mashahidi wake si wachache. Alfred Tennyson alimpoteza rafiki yake Arthur Hallam, aliyefariki ghafla Vienna mwaka 1833, na kwa miaka 17 akawa anatunga beti za maombolezo, zilizotoka mwaka 1850. Jiolojia ilikuwa imeshaonyesha aina nzima za viumbe zilizopotea, na Tennyson akauliza kama mwanadamu naye ataishia kuwa kisukuku mlimani; hayo yote miaka 9 kabla ya kitabu cha Darwin. T. S. Eliot alisema baadaye kwamba kilicho cha kidini katika kazi hiyo ni ubora wa shaka yake. Ng'ambo ya Atlantiki, Emily Dickinson alikataa kujiunga na kanisa la mji wake wa Amherst, kisha akaandika maswali yake kwa mizani ya nyimbo za Watts, mashairi karibu 1,800, yaliyochapwa alipokuwa hai yakiwa kama 10 tu.

Msimamo huu una takwimu za mahudhurio upande wake. Shida ni kwamba unapima kwa tarehe za uchapishaji. Gerard Manley Hopkins alijiunga na Wajesuiti mwaka 1868 na kuyachoma mashairi yake. Desemba 1875 meli Deutschland ilipozama karibu na mdomo wa mto Thames na kuwaua masista 5 Wafransisko waliofukuzwa na sheria za Prussia, alirudi kutunga, kwa mdundo unaohesabu mikazo tu na kuziacha silabi zijae au zipungue. Jarida la shirika lake mwenyewe lilikataa kulichapa shairi hilo. Alikufa Dublin mwaka 1889. Mashairi yake yalitoka 1918, miaka 29 baadaye, yakihaririwa na yuleyule Robert Bridges, nakala 750. Kwa hiyo aliyeishi mwaka 1880 na kusoma vilivyochapwa aliiona bahari ikikupwa. Hakujua kwamba pwani nyingine maji yamejaa.

Karne ya 20 haikunyooka pia. Eliot alibatizwa mwaka 1927, jambo lililowashtua marafiki zake wasomi kuliko kama angetangaza kufilisika. Philip Larkin, asiyeamini, ana shairi la 1955 ambamo mwendesha baiskeli anaingia katika kanisa tupu, na kwa kuwa hana kofia ya kuvua, anavua vibanio vya suruali. Heshima hiyo ya kuchekesha inaelekezwa kwa nani? Mwenyewe hajui, na shairi linaendelea kwa sababu hajui. R. S. Thomas, kasisi wa Wales aliyefariki mwaka 2000, alipiga magoti katika makanisa matupu vilevile akisema na Mungu asiyejibu. Mmoja hana imani, mwingine ni kasisi, na mashairi yao yamesimama karibu kuliko lilivyo lolote kati yao na wimbo wa harusi ya 2011.

Kupima

Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua zana kutoka kwa wa kwanza, adabu kutoka kwa wa pili, na tahadhari kutoka kwa wa tatu, kisha ningemuuliza kila mshairi swali moja: unasema na nani? Blake anawasuta Waingereza, basi makasisi wanaosema si sala wana haki, ingawa kusutwa kanisani hakujawahi kuwa kosa. Milton anasema na baraza la mahakama, Wesley na kusanyiko, Herbert na mmoja tu.

Swali hili lina mipaka yake. Simone Weil, Mfaransa aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi isiyoshika dini, mnamo 1938 alijifunza kwa moyo shairi la Herbert la mgeni anayealikwa mezani na Upendo. Alikuwa akilikariri maumivu ya kichwa yanapomzidi, akidhani anakariri kitu kizuri tu. Aliandika baadaye kwamba bila kujua lilikuwa limegeuka sala, na kwamba katika kukariri huko Kristo mwenyewe alishuka akamchukua. Hapo aliyebadilisha nafsinenewa ni msomaji, na hakuna nadharia niliyoitaja inayoweza kumzuia, wala inayoweza kumwahidi mwingine kwamba litamtokea.

Herbert hakuwahi kuyaona mashairi hayo kitabuni. Kwa masimulizi ya Izaak Walton, akiwa kitandani mwa mauti alimpelekea rafiki yake Nicholas Ferrar mswada, akiueleza kuwa picha ya mapambano mengi kati ya Mungu na nafsi yake. Kama Ferrar ataona unaweza kumfaa maskini yeyote aliyekata tamaa, auchapishe. La sivyo auchome. Ferrar akaupeleka Cambridge kuombewa kibali. Wakaguzi waliusoma wote: mtu anayepiga meza, anayemlaumu Mungu, anayetishia kuondoka. Wakasita kwenye mistari 2 tu, iliyosema kwamba dini inajiandaa kuhama Uingereza kwenda Marekani.